Mpiga Rangi Aje Mwisho

Mtu akirithi Peugeot 404 ya marehemu baba iliyoegeshwa chini ya mwembe kule Tumbi, fundi wa kwanza kupigiwa simu huwa ni wa bodi. Gari linakwanguliwa, linapigwa puti, linapakwa rangi, picha zinarushwa kwenye kundi la ukoo na kila mtu anapongeza. Miezi michache baadaye injini bado haijawaka, fedha imekata, na mafundi wanaoingia na kutoka na spana zao wameanza kuichuna ile rangi mpya. Mimi nasema gari lililolala lina kitu kilicholilaza. Kazi yako ya kwanza ni kukitafuta, na kila shilingi inayotangulia kazi hiyo umeitupa.

Nazungumza zaidi na wenye viwanja. Anayeishi Kibaha au Kisarawe ana kitu asicho nacho wa Sinza: uwanja wa kulaza gari miaka miwili bila mwenye nyumba kulalamika. Na magari yapo. Land Rover za 109, Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle, Datsun 1200 pikapu, Corolla za miaka ya 1970, bado yamesimama nyuma ya nyumba za wastaafu kuanzia Kongowe hadi Maneromango. Hayakuletwa huku kwa bahati. Peugeot 404 ilishinda mbio za East African Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na aliyeshika usukani mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Gari lililovuka matope ya Pasaka namna hiyo halikuhitaji tangazo lingine. Ila kama moyo wako haujafungwa na gari lolote, chukua Land Rover. Spea zake bado zinatengenezwa, na mtu mwenye akili timamu na spana za kawaida anaweza kulifungua lote.

Kabla ya spana, karatasi. Linganisha namba ya chasisi na ile ya kwenye kadi, kwa macho yako, tochi mkononi. Kwenye Land Rover imegongwa kwenye chasisi yenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na shikizo la springi, na mara nyingi utaikuta chini ya tabaka la grisi na kutu. Isugue kwa brashi ya waya, usiipige grainda. Kadi ikiwa na jina la marehemu, mirathi imalizwe mahakamani kwanza. Gari ambalo bado lina namba za mfumo wa zamani litarudi TRA kusajiliwa upya. Jambo moja limekuwa jepesi: ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, kwa hiyo gari likilala halikulimbikizii deni jipya.

Kisha muulize aliyeliendesha mara ya mwisho. Aliyekuuzia huenda hajawahi hata kuliwasha. Liliegeshwa likiwa linatembea, au lilizimika njiani likavutwa? Jibu hilo linabadilisha kazi yote. Lililoegeshwa zima, kwa sababu mzee aliacha kuona usiku, kwa kawaida litadai mipira, breki, mafuta mapya na betri. Lililokuwa likichemsha lina habari ya rejeta au gasketi ya silinda hedi. Lililokuwa likitoa moshi wa bluu lilikuwa linakula oili, na hapo pembeni ya jina lake andika "ovahoo" na anza kuweka akiba.

Sehemu ya kazi haihitaji kuwa karakana. Inahitaji sakafu. Mchanga wa Kibaha ni mzuri kwa mihogo na mbaya kwa jeki, maana upande mmoja huzama polepole wakati wewe uko chini ukihangaika na nati. Mwaga zege la mita tatu kwa sita, basi, hata kabla ya paa. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishapanda, likae juu ya stendi za chuma, au juu ya vipande vya mbao ngumu vilivyopangwa msalaba. Tofali la saruji hupasuka ghafla wala halitoi onyo, na sitaki kusikia kwamba jirani yako hutumia tofali siku zote.

Kisarawe shida ni nyingine. Unyevu unaoshuka kutoka misitu ya Pugu na Kazimzumbwi hufanya chuma ulichokisafisha jioni kiamke na kutu ya njano. Kila kinachofunguliwa kipakwe oili kabla ya kulala, na matundu ya injini yazibwe kwa vitambaa safi, vitambaa utakavyovihesabu wakati wa kufunga. Panya wanapenda waya. Mchwa hula maboksi ya spea pamoja na zile lebo ulizoandika kwa bidii, kwa hiyo tumia makopo ya rangi yaliyooshwa, na nati za sehemu moja zikae kopo moja.

Sasa injini. Usikubali kamwe gari lililolala miaka livutwe na Canter ili "lishtuke". Pete za pistoni huenda zimeshikana na silinda, na valvu moja ikiwa imeganda, ufito unaoisukuma utapinda. Toa plagi zote. Mimina kijiko kikubwa cha oili nyepesi katika kila silinda, acha siku kadhaa, kisha zungusha kwa hendeli taratibu. Ikigoma katikati, rudisha nyuma, ongeza oili, subiri tena. Subira hapa ni bei nafuu kuliko pistoni. Wakati unasubiri, fungua nati ya sampu uone kinachotoka. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo usiwashe kitu mpaka ujue yalipopita.

Petroli ya zamani mwage yote. Imegeuka kuwa gundi yenye harufu ya vanishi, na gundi hiyo ndiyo iliyoziba kabureta. Kwa kuwasha mara ya kwanza usitumie tangi kabisa. Funga galoni safi ya petroli mpya mahali palipotulia, mbali na betri na ekzosi, na unganisha mpira moja kwa moja kwenye pampu. Ikiwaka hivyo, umejua kwamba shida yoyote itakayofuata ya mafuta iko nyuma, kwenye tangi na paipu zake. Na usimruhusu mtu yeyote kuchomelea tangi kwa kuwa "ni tupu". Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Huku Pwani kuna mkosaji ambaye vitabu vya Uingereza havimtaji: nyigu wale wanaojenga vijumba vya udongo. Wakikuta tundu lenye upana wa kalamu wanalifanya chumba cha watoto. Nimeona Land Rover iliyofufuliwa vizuri ikitembea kilomita chache na kuzima, ikipumzishwa inawaka, ikitembea tena inazima. Mwenye gari akabadilisha pampu, akabadilisha koili, akaanza kuitazama kabureta kwa jicho baya. Kipimo kilikuwa kufungua kifuniko cha tangi mara tu lilipozima: ikasikika hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, fyuuu. Tundu la pumzi la tangi lilikuwa limezibwa kwa udongo, pampu inavuta mafuta lakini hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake. Waya mwembamba ukamaliza kazi. Kagua matundu yote ya namna hiyo, na mdomo wa ekzosi pia, kabla ya kununua kitu.

Kisa hicho kinanipeleka kwenye kanuni ninayoishikilia kuliko zote: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Fundi akibadilisha plagi, pointi, kondensa na koili kwa mpigo na gari likawaka, hakuna anayejua lilikuwa linaumwa nini, na spea tatu nzima zimetupwa. Nunua daftari la kaunta. Andika tarehe, ulichokikuta, ulichokigusa, kilichobadilika. Likikorofisha tena mwakani, daftari hilo litakuokolea fedha kuliko kisanduku chochote cha spana.

Injini inayozunguka bila kuwaka inakosa kimoja kati ya vitu vinne: moto, mafuta, mgandamizo, au wakati sahihi wa moto huo. Anza na moto kwa sababu ni rahisi kuuona. Toa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, laza chuma chake juu ya bloku mbali na petroli yoyote, mtu azungushe stata. Cheche iwe ya bluu na ilie. Ikiwa ya njano na nyembamba, au haipo, fungua kifuniko cha distribyuta.

Hapa kaa chini, usikimbie. Kifuniko kigeuze juani utafute mstari mwembamba mweusi kama wa penseli uliojichora ndani. Ni ufa unaovujisha umeme, na siku za masika unavuja zaidi. Kisha zungusha injini kwa hendeli huku ukitazama pointi, mpaka kisigino chake kipande juu kabisa ya pembe ya ekseli ya distribyuta na pointi ziachane kadiri zinavyoweza. Ingiza fila geji ya milimita 0.40. Iingie ikikwaruza kidogo: ukiisukuma ikipita bila kugusa, pengo ni kubwa, ikilazimu kuzipanua pointi, pengo ni dogo. Kaza skrubu, kisha pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza. Nyuso za pointi zikiwa zimeungua bluu baada ya safari chache tu, usizilaumu pointi, kondensa imekufa. Safisha kwa kitambaa chenye spiriti, maana alama ya kidole yenye mafuta inatosha kuzuia umeme. Mpangilio wa moto kwa Land Rover ya lita 2.25 na kwa 404 ni uleule, 1-3-4-2, lakini rota inazungukia wapi litazame kwa macho kabla ya kuchomeka waya.

Mgandamizo unataka geji, na geji inaweza kuazimwa. Silinda zote nne zikiwa chini kwa usawa ni uchakavu wa kawaida. Moja ikiwa chini, mimina kijiko cha oili humo upime tena. Namba ikipanda, ni pete. Isipopanda, ni valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yao. Vipimo hivi huchukua asubuhi moja na vinaweza kukuepusha na kushusha injini.

Umeme wa magari haya unasingiziwa mengi, na mara nyingi kosa ni ethi. Betri iliyotulia isome kama volti 12.6, injini ikiwaka iwe karibu na 14. Weka mita, waya mmoja kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye bloku, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapata shida kurudi: fungua boliti za ethi, kwangua hadi chuma king'ae, funga, paka grisi. Kuna Land Rover za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ambazo ethi yake ni chanya. Huko geuza akili kabla ya kugeuza betri, na usifunge redio ya kisasa bila kuuliza.

Mwenye 404 ana mambo mawili ya kukariri. La kwanza, slivu zake ni za maji, zimesimama ndani ya bloku na kukalia sili chini. Ukitoa silinda hedi na kuzungusha injini bila kuzibana, pistoni itainua slivu, sili itaachia, na maji yatashuka kwenye oili baada ya wewe kufunga kila kitu kwa furaha. Zibane kwa boliti na washa pana kabla ya kuzungusha hata kidogo. La pili, difu yake ni ya skrubu na gurudumu la shaba, tofauti na difu nyingi unazozijua. Peugeot iliagiza oili maalumu yenye asili ya mafuta ya nyonyo. Oili ya difu ya kawaida yenye viungo vya salfa huitafuna shaba, na haichanganyiki vizuri na ile ya nyonyo. Muuza duka akikwambia "oili ya difu ni oili ya difu, bosi," mshukuru, ondoka.

Mwenye Land Rover aache kuitazama bodi, aingie chini. Mwaka 1948, wakati chuma kikigawiwa kwa mgao Uingereza baada ya vita, Rover walitengeneza bodi kwa aluminiamu na kuiweka juu ya chasisi ya chuma. Ndiyo maana bodi inang'aa huku chasisi imeoza. Gonga chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa tu sauti nzito na unga. Sehemu za nyuma ndizo zinazoanza. Pale aluminiamu inapogusana na chuma na unyevu wa chumvi ukaingia kati, aluminiamu ndiyo inayoliwa, kwa hiyo weka mpira mwembamba au rangi ya kinga katikati ukirudisha. Silinda hedi ikiwa nje, fikiria kuweka viti vya valvu vigumu. Petroli yenye risasi iliondoka katika nchi zetu kufikia mwaka 2006, na hedi ya chuma ya injini ile iliitegemea risasi kulinda viti vyake. Pengo la tapeti likijipunguza lenyewe kila baada ya muda, ndiyo dalili.

Breki zifanywe zote kabla gari halijatoka getini hata kwa mita kumi. Raba za masta silinda na za magurudumu ziwe mpya, mipira ya breki iwe mipya. Mpira wa zamani hujifunga kwa ndani ukiwa mzuri kwa nje, gurudumu linabaki limeshikwa baada ya kuachia pedali, na watu hufungua magurudumu manne kutafuta kosa lisilokuwepo. Paipu iliyooza usichomelee, weka nyingine. Oili ya injini isiguse mfumo huo kabisa, itavimbisha raba zote. Viatu vya breki vya zamani vina asbesto: osha vumbi lake kwa maji, usilipulize kwa kompresa huku watoto wamesimama kutazama.

Spea utazifuata Kariakoo, Gerezani na Ilala, na uende na kitu cha zamani mkononi, sio picha kwenye simu. Picha haipimi kipenyo. Raba iliyokaa rafuni miaka ni raba iliyozeeka: ikunje, ukiona nyufa ndogo, irudishe. Bushi na pini zisizopatikana huchongwa, na wachongaji wa Gerezani wakipewa sampuli nzuri hutoa kazi inayozidi spea feki. Kwa vitu vya moto, yaani kondensa, rota na kifuniko cha distribyuta, lipa zaidi upate vizuri. Cha bei rahisi kitakuacha Kiluvya saa mbili usiku.

Kuhusu mafundi, Kibaha ina bahati yake. Pale kiwandani TAMCO ndipo malori ya Scania yalipounganishwa, na ukimpata mzee aliyepitia kazi ile, mpe kiti, mpe chai, msikilize. Vijana ni wepesi na wana nguvu, lakini wengi wamekulia kwenye magari ya kompyuta. Lipa kwa hatua iliyokamilika, si kwa siku. Na uliza bila kuona haya.

"Mzee, hapa tuitoe tu themostati, litaacha kuchemsha."

"Fundi, rejeta imepimwa?"

Swali hilo moja linatosha. Kutoa themostati ni kuficha ugonjwa; injini itafanya kazi baridi, itakula petroli, na kilichokuwa kinachemsha bado kipo. Rejeta ipelekwe ikasafishwe na kupimwa presha, kisha tuzungumze.

Puti na rangi, sasa, kwa ufupi: subiri masika yapite, maana rangi inayopigwa hewa ikiwa na maji huja kufura. Usiruhusu puti juu ya kutu. Na kila boliti ya ethi izibwe kwa karatasi ya gundi kabla ya bomba la rangi kuwashwa.

Majaribio ya barabarani yaanze na vinjia vya mtaa, kisha, bima ikiwa mkononi, Maili Moja hadi Mlandizi alfajiri kabla ya malori. Mtihani wenyewe ni mlima. Toka Pugu Kajiungeni, panda hadi Kisarawe mjini saa nane mchana, jua likiwa kali, bila kupumzika. Ukifika usizime. Liache lingurume papo hapo, fungua boneti, simama pembeni utazame. Kama ni 404, feni yake hushikwa kwa sumaku ya umeme rejeta ikipata joto, kwa hiyo inatakiwa uione ikianza kuzunguka kwa kasi ya injini huku sindano ya joto ikiacha kupanda. Isiposhika, angalia waya wake, brashi na swichi ya joto, wala usimruhusu mtu kuifunga moja kwa moja kwa boliti. Kama rejeta imetapika maji huku sindano iko katikati, jaribu kifuniko kipya cha rejeta kabla hujaitaja gasketi.